Texas ina vikosi vingi mno vya polisi, vipunguzwe au viachwe?

Wakuu salaam. Juzi kwenye grupu letu la Waswahili tunaokaa Texas kuna ndugu kasema polisi wakiwa wengi ndo usalama wenyewe, mimi nikakataa, na leo nauleta mjadala hapa kwa sababu jambo hili linaniuma kweli.

Kwa wasiojua, huku hakuna IGP kama nyumbani. Jimbo lina kaunti 254, kila moja na sherifu wake, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, wa kupigiwa kura, halafu kuna makonstebo (huku si cheo cha chini cha polisi) nao wanapigiwa kura, mji una polisi wake, chuo kikuu kina polisi wake, mpaka wilaya za shule zina polisi zao, na jimbo lenyewe lina DPS, idara yake ya usalama wa umma, yenye trafiki wa barabara kuu na wale Texas Rangers, wapelelezi wa jimbo. Hapo sijawagusa FBI wala askari wa mpakani.

Mwaka jana gari langu lilivunjwa kioo usiku, nikapiga simu, dada wa watu akaniuliza niko upande gani wa barabara, maana huku ni mji, ng'ambo ni kaunti. Nimesimama juu ya vipande vya kioo na mtoto kalala begani, nasubiri waamue mimi ni wa nani.

Kioo kinanunuliwa. Yaliyotokea Uvalde, mji mdogo wa huku huku Texas, je? Tarehe 24 Mei 2022 mtu kaingia na bunduki shule ya msingi ya Robb, wakafika askari 376 wa vikosi chungu nzima, na zikapita dakika 77 ndo akadhibitiwa. Watoto 19 na walimu 2 wakafa, na kuna watoto walikuwa humo humo darasani wanapiga 911, namba ya dharura, kuomba waokolewe. Kwa mpango wa shule aliyetakiwa kuongoza ni mkuu wa polisi wa shule, kikosi cha askari sita tu, naye baadaye akasema hakujiona kama ndo kamanda. Ripoti ya bunge la jimbo ikasema mlango ule huenda haukuwa hata umefungwa na ufunguo. Hakuna aliyeujaribu!

JIBU: Nakupinga kaka. Mimi wa Kenya, sisi tuna IG mmoja juu ya wote na 2024 vijana wamepigwa risasi kwenye maandamano vile vile. Sherifu akiharibu unamtoa kwa kura baada ya miaka minne. Ukimpa mtu mmoja kule Austin, makao makuu ya jimbo, askari wote, siku akigeuka utakimbilia wapi?

JIBU (mwenye mada): Hapo umenena, na sherifu simgusi, abaki na kura zake. Nachosema mimi hivi vikosi vya shule vya askari watano sita viingie chini ya sherifu, na sheria itaje cheo cha mtu wa kushika amri risasi ikilia, sio waanze kutazamana koridoni. 2023 wabunge wakapitisha kila shule iwe na mlinzi mwenye silaha, yaani wameongeza bunduki, swali la nani anaamrisha liko pale pale. Wenye watoto huku nendeni mkaulize shuleni kwenu. Mimi nilimuuliza mwalimu mkuu wa mwanangu, akasema atanipigia. Hii wiki ya tatu.