Naomba ushauri: vifaa vya kaiti vya kike vina tofauti ya kweli?

BintiMakunduchi: Assalaam alaykum. Nina uzito wa kilo 54, na nimemaliza mafunzo ya mwanzo ya kaiti (kuteleza baharini juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa) hapa Paje, Unguja, kwa vifaa vya kuazima. Nataka kununua vyangu vya mtumba kabla kusi halijashika kasi mwezi wa Juni, lakini muuzaji ananishikilia nichukue seti nzima ya kike, ambayo ni ghali zaidi. Je, tofauti ipo, au ni rangi tu? Aidha, ninavaa hijabu. Wenzangu mnajisitiri vipi?

KusiLaJambiani: Waalaykumu ssalaam, dada. Kaiti yenyewe haichagui mwanamke wala mwanamme: pale ambapo mtu wa kilo 80 anarusha ya mita za mraba 12, wewe itakutosha ya 8 au 9. Pesa ya ziada itumie kwenye mkanda wa kiunoni, ule wenye kulabu inayokuunganisha na kaiti. Ule wa kiume umenyooka, na kwa mwenye kiuno chembamba na nyonga pana humpanda hadi mbavuni kila kaiti inapokuwa juu ya kichwa. Wa kike umekatwa kufuata nyonga. Uvae hapo hapo kwa muuzaji, uukaze, kisha mtu aivute kulabu kwenda juu kwa nguvu, na ukiona umepanda hadi mbavuni, uache.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni mpini, yaani fimbo unayoishika kuiongoza kaiti. Upepo ukizidi, unausukuma mbali nawe ili kaiti ipunguze nguvu, na mwenye mikono mifupi huenda asiufikie tena ukishafika mwisho. Tafuta ule ambao kizuizi chake, kinachouzuia usiende mbali, kinasogezwa.

MamaMwani: Mwanangu, binti yangu anacheza, kwa hiyo la stara nalijua. Epuka vazi la kuogelea lenye sketi pana, kwani kitambaa hunasa kwenye kulabu. Vaa suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na kanzu fupi iliyobanwa chini ya mkanda, pamoja na hijabu ya kuogelea isiyo na pini, kisha kofia ngumu juu yake. Maji yetu ni ya vuguvugu, nguo nzito ya mpira ya nini? Viatu ndivyo usiviache, maana maji yakitoka utatembea juu ya matumbawe. Na tafadhali mpite mbali na vigingi vyetu vya mwani. Kamba zenu zikinasa pale, hasara ni ya pande zote mbili.

FundiTanga: Kwa kuwa kaiti ni ya mtumba, ijaze upepo uiache usiku kucha, ikinywea, mpira wa ndani unavuja. Jaribu pia kifyatuo cha dharura cha mpini, kile cha kujitenga na kaiti, kikiwa kimevutwa kwa uzito wako. Kikikwama hata mara moja, usiununue mpini huo kwa bei yoyote.

BintiMakunduchi: Ahsanteni sana. Na ubao je?

KusiLaJambiani: Wa sentimita 134 hivi unakufaa, uwe wa kike au wa kiume, mradi mikanda ya miguu ikazike hadi kipimo cha mguu wako.