Aliyekabwa kwa panga akisema "ndiye huyu", aaminiwe?

Jirani wa Nkuhungu: Wadau, juzi mtaani kwetu mama mmoja alikabwa usiku kwa panga, simu ikaenda. Asubuhi akamnyooshea kidole kijana wa bodaboda: "Ndiye huyu!" Kijana kapigwa mpaka kazimia. Mchana ikajulikana usiku ule alikuwa amepeleka abiria Ihumwa. Macho yaliyojaa hofu yanatosha kumhukumu mtu?

Zabibu Chungu: Yanatosha. Hamjakabwa ninyi! Mimi nilikabwa njia ya Chang'ombe, kisu kina mpini mwekundu umezungushiwa mpira wa baiskeli, naukumbuka kama jana. Leo mnaniambia sikuona?

Wakili Mdogo: Hili Mahakama ya Rufani ililisema tangu 1980, kesi ya Waziri Amani. Utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka uwezekano wa kumfananisha mtu uishe kabisa. Ulimwona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ukoje, ulimjua kabla? Na hofu inayavuta macho sehemu moja. Marekani, 1987, watafiti akina Loftus waliwaonyesha watu picha za mteja mbele ya keshia: wengine waliona ameshika bastola, wengine hundi. Ikapimwa macho yao yanatazama wapi. Bastola ilitazamwa mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na mteja mwenyewe akakumbukwa vibaya zaidi. Huyo mama aliliona panga.

Mzee wa Makole: Kweli kabisa. Tena wanawake wakiogopa huona hata visivyokuwepo.

Binti wa Chamwino: Shikamoo mzee, lakini umenikera. Wanawake wameingiaje hapa? Mume wangu alilikimbia bomba la kumwagilia mizabibu akidhani moma. Mimi ndiye niliyeliokota.

Mzee wa Makole: Marahaba. Mumeo alifanya vyema, moma hasubiri umhakiki.

Mfugaji wa Bahi: Mzee yuko sahihi. Ukichunga, mguu unaruka kabla hujajua umeona nini. Jicho la mchungaji halifundishwi darasani.

Wakili Mdogo: Si la mchungaji peke yake. Mwaka 2001 watafiti akina Öhman, wa Sweden, waliwapa watu picha nyingi kwa pamoja. Nyoka kati ya maua na uyoga alionekana upesi, na wanaomwogopa nyoka walimwona upesi zaidi. Lakini ukiruka hivyo, kaka, unakumbuka mti wa pembeni ulikuwa mti gani?

Mfugaji wa Bahi: Mbuyu. Nani asahau mbuyu?

Binti wa Chamwino: Mzee bado hajaniomba radhi. Kwa mawazo hayo hayo binti akienda kituoni kueleza aliyoyaona anaambiwa "ulikuwa umechanganyikiwa".

Mzee wa Makole: Nimesema wanawake, sijasema wewe.

Binti wa Chamwino: Mimi ni nani sasa?

Jirani wa Nkuhungu: Jamani, kijana yuko wodini, taya limevunjika. Zabibu, mpini umetueleza mpaka rangi. Uso wa aliyekukaba ulikuwaje?

Zabibu Chungu: Kulikuwa giza. Taa za barabarani haziwaki ile njia. Tudai taa kwanza.

Mfugaji wa Bahi: Taa! Sisi huku hata nguzo hatuna, mnatuzungumzia taa.