Ukoo wa Bibi, Wete

Zuwena: Asalaam aleikum. Jamani kuku wangu wa nyama wanakufa! Tangu adhuhuri wamekwenda saba. Midomo wazi, mabawa wameyaachanisha, wanatweta tu.

Mjomba Khamis: Waalaykum salaam. Kideri hicho. Uliwachanja?

Zuwena: Niliwachanja mjomba, tena kwa wakati.

Suleiman: Da Zuwe, waliokufa ndio wale wanene?

Zuwena: Ndio! Wale wa kupeleka sokoni Jumatatu 😭 Vidogo vyote vizima.

Suleiman: Basi joto hilo. Kideri hakichagui mnene, na ungeona kinyesi cha kijani, shingo zinapinda. Kuku hatoki jasho, anajipoza kwa kuhema. Sasa hewa yetu hii imejaa unyevu, anahema na hapati nafuu.

Shangazi: Wamwagie maji mwanangu.

Suleiman: Shangazi, pasipo upepo asiwamwagie. Maji yasipokauka mwilini hayapozi, banda litakuwa chungu cha mvuke. Zuwena, yale manailoni ya vuli bado umezungushia?

Zuwena: Bado. Naogopa mapaka.

Suleiman: Paka anazuiwa na waya. Yang'oe sasa hivi, pande zote. Pangaboi huna?

Zuwena: Lipo la chumbani kwa mama.

Mama Zuwena: Chukua. Mie nitakaa barazani.

Suleiman: Maji ya tangi leusi usiwape, yale yana moto wa kutilia chai. Chota kisimani, tia barafu. Chakula kiondoe mpaka jua lishuke, maana kukisaga tumboni kunazidisha joto. Kuanzia kesho wape alfajiri, saa tatu ondoa, saa kumi na moja rudisha. Na juu ya bati tandaza makuti.

Mjomba Khamis: Makuti juu ya bati! Na tulivyojiona tumeendelea 😂

Juma: Hao saba vipi? Mchele wa biriani ninao.

Shangazi: Astaghfirullah, mizoga hiyo! Fukieni mbali na kisima.

Mjomba Khamis: Sule, na huyu ng'ombe wangu chotara maziwa yameshuka nusu. Nilishaanza kumtazama jirani vibaya.

Suleiman: Umemfunga wapi?

Mjomba Khamis: Mnazini.

Suleiman: Kivuli cha mnazi kinahama mjomba, yeye kamba haimruhusu kukifuata. Mhamishie chini ya mwembe. Chotara wa Friesian, wale wa maziwa wa Ulaya, havumilii jua kama zebu wetu wa nundu. Na maji yawe mbele yake kutwa, anayekamuliwa joto hili anaweza kumaliza lita 60 na zaidi kwa siku.

Mjomba Khamis: Lita 60! Nani atachota?

Shangazi: Si yupo Juma wa biriani.

Zuwena: Nailoni zimetoka, pangaboi linazunguka. Baada ya alasiri kafa mmoja tu. Wanakunywa, alhamdulillah.

Suleiman: Vizuri. Na Jumatatu uwatoe alfajiri, tenga lisijae. Wengi wanafia njiani wakisafirishwa mchana.

Juma: Hizo lita 60 ni kila siku au leo tu?