Scp inaanza upya kila mtandao ukikatika: GB 38 na bando la usiku

Binti_Shangani
Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara, narekodi wazee wa Mikindani wakisimulia habari za majahazi na biashara ya zamani. Mhariri wetu yuko Ujerumani, amekodi seva hukohuko akanipa jina la mtumiaji na nenosiri. Kompyuta yangu ni ya Linux, aina ya Ubuntu. Folda nzima ni GB 38, video moja peke yake ina GB 9. Natumia scp, amri ya kunakili faili kwenda kompyuta nyingine:

`scp -r mahojiano mhariri@seva:/data/`

Intaneti ni ya simu, na bando ninaloweza kulimudu ni la usiku, saa sita hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtandao ukiyumba kidogo scp inakufa. Nikiirudia inaanza na faili ya kwanza kabisa, hata zile zilizokwisha kufika! Kunakucha, bando limeisha, ile ya GB 9 iko nusu. Mhariri ameanza kuniambia nitafute msafiri nimpe flashi. Kuna namna nyingine?

Fundi_Chumbageni
Dada, achana na scp. Si mbovu, ila yenyewe inajua kunakili tu. Haiulizi huko kuna nini. Ukiirudia inaandika upya juu ya kila kilichopo, na ile nusu uliyoipata kwa jasho inaenda na maji.

Unayoihitaji ni rsync, programu ya kunakili inayoangalia kwanza huko kuna nini. Iliandikwa Australia na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, mwaka 1996, na ripoti yao inaanza kwa kusema wanafikiria kompyuta mbili zilizounganishwa kwa mtandao mwembamba unaochelewa. Yaani sisi. Lazima iwepo pande zote mbili. Kwako andika `sudo apt install rsync`, na mhariri afanye hivyo kwenye seva. Kisha:

`rsync -avP --append-verify --timeout=300 mahojiano mhariri@seva:/data/`

Zile faili ulizokwisha kuzituma kwa scp hutazilipia tena. Kwa `--append-verify`, faili ambayo huko ina ukubwa uleule inarukwa, na iliyo fupi inaendelezwa pale ilipoishia. Ikifika mwisho rsync inakagua faili nzima, ile nusu ya zamani ikiwemo, na isipolingana inaituma upya. Kuna `--append` tupu pia, hiyo haikagui ile nusu, iache. Hiyo `--timeout` ni ili mtandao ukinyamaza dakika tano rsync ijitoe, isikae inasubiri mpaka asubuhi.

Sasa angalia sana hapa, maana ndipo watu wengi wanapoliwa bando. Nimeandika `mahojiano`, sikuandika `mahojiano/`. Ukiweka mkwaju (/) mwishoni, rsync inachukua vilivyomo ndani na kuvimwaga moja kwa moja kwenye /data, haitaziona zile za mwanzo zilizo kwenye /data/mahojiano, na GB 38 zinaanza safari upya. Kama huna hakika, ongeza `n` ziwe `-avnP`. Itakutajia faili inazotaka kutuma bila kutuma hata moja.

Na `-z` ambayo kila mtu atakushauri uiweke, usihangaike nayo. Video ya MP4 imekwisha kubanwa, haibaniki tena.

Halafu pima kasi ya kupandisha, si ya kushusha. Ukiwa na megabiti 4 kwa sekunde, hiyo ni nusu megabaiti, kwa hiyo GB 38 ni kama saa 21. Kwa bando lako ni usiku 4 mtandao ukiwa mzuri. Mwambie mhariri hivyo mapema, atulie.

Kapteni_Njiwa
Fundi kamaliza, ila nani atakesha kuirudia amri? Iweke kwenye faili, tuiite tuma.sh:

`until rsync -avP --append-verify --timeout=300 mahojiano mhariri@seva:/data/; do sleep 30; done`

Ikikatika inapumzika nusu dakika, inarudi.

Fundi_Chumbageni
Kapteni, hiyo haijui bando linaisha saa ngapi. Saa kumi na mbili ikipita itaendelea kula salio la kawaida, na dada wa watu amelala. Aiwashe hivi saa sita usiku:

`timeout 350m bash tuma.sh`

Dakika 350 ni saa sita kasoro dakika kumi. Lakini kwanza atengeneze ufunguo wa kuingia kwenye seva bila nenosiri kwa `ssh-keygen`, aupeleke kwa `ssh-copy-id mhariri@seva`, la sivyo kila ikirudi itadai nenosiri na hakuna mtu wa kuliandika. Nenosiri lisiandikwe ndani ya tuma.sh, tafadhali.

mzee_wa_modemu
Na asije mtu akamshauri FTP ya kawaida, njia ya zamani ya kutuma faili. Ile nenosiri linapita wazi njia nzima. Mfini Tatu Ylönen aliunda SSH, njia ya kuwasiliana na seva kwa mficho, huko Finland mwaka 1995 baada ya mtu kutega mtandao wa chuo chake na kuzoa manenosiri ya watu. Rsync hapo juu inapita ndani ya SSH, haina neno.

Kibuyu_255
Sisi wa Windows je?

Fundi_Chumbageni
Weka WSL, yaani Linux ndani ya Windows, humo rsync ipo. Hutaki? Windows 10 za karibuni na 11 zinakuja na `sftp`, amri ya kutuma faili kupitia SSH. Ukishaingia kwenye seva, andika `reput jina_la_faili` nayo itaendeleza ilipoishia. Inakwenda faili moja moja, na haikagui kama rsync.

Binti_Shangani
Mrejesho: shikamooni wote. Ile ya GB 9 iliendelea kutoka nusu kweli, na leo asubuhi folda yote imefika. Mambo mawili. Mhariri anasema safari ijayo niongeze `--delete` ili seva ibaki safi. Na mimi nataka kufuta kadi za kamera, kesho kutwa narudi Mikindani.

Fundi_Chumbageni
Marahaba dada. `--delete` inafuta huko kila kitu ambacho kwako hakipo. Kama mhariri ameweka tafsiri au vipande alivyokata ndani ya folda ileile, vitaondoka navyo. Aviweke nje ya `mahojiano` kwanza, nawe usiitumie kabla hujaona `-n` inasema itafuta nini.

Kadi usizifute bado. Usiku wa leo piga:

`rsync -avnc mahojiano mhariri@seva:/data/`

Hiyo `c` inasoma kila faili pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo, si ukubwa tu. Itachukua muda kwa kuwa diski zinasomwa zote, ila bando italigusa kidogo sana. Isipotaja jina la faili hata moja, futa.