Sura inapotea jukwaani: onyesho la picha na sauti, Iringa

Mtwivila_Sauti
Kamwene wadau. Tunaandaa onyesho la dakika 35 hapa Iringa: mchezaji mmoja, mpiga ligombo (ala ya nyuzi ya Wahehe) mmoja, na kamera inayousoma uso wa mchezaji. Kompyuta inauchorea nukta za vipimo, kisha projekta inaurusha kwenye turubai la upana wa mita 4 nyuma yake. Wazo limeanzia Kalenga, hapa jirani: fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa 1954 lilichaguliwa kule Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vya vichwa, na leo simu nayo inakupima uso ndipo ikufungulie. Shida ni tatu. Taa za ukumbi zikizimwa, programu inampoteza mchezaji (ngozi yake ni nyeusi ti). Picha inachelewa kuufuata mwili. Halafu projekta ya lumeni 3,500 inajizima kila ikifika dakika ya 20 hivi. Nianzie wapi?

FundiTaa_Mwanjelwa
Anza na projekta, mkuu, hiyo ndiyo nyepesi. Iringa iko juu ya mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo feni inazunguka kama kawaida lakini haibebi joto la kutosha. Kwenye menyu tafuta palipoandikwa High Altitude, washa. Safisha na kichujio cha vumbi. Feni itaanza kuunguruma, basi usiiweke karibu na maikrofoni ya ligombo.

Uso: kamera yako iko otomatiki. Inaliona turubai linang'aa, inapunguza mwanga, na aliye mbele anabaki kivuli. Funga eksposha (kiasi cha mwanga unaoingia kamerani) kwa mkono, shata ifunguke sekunde 1/50, maana umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka namba nyingine ovyo utaona mistari inapanda na kushuka. Mchezaji asimame angalau mita 2 mbele ya turubai, amulikwe na taa mbili za LED kutoka ubavuni. Zikipigwa kutoka mbele zitamwagikia turubai na picha itapauka.

Dada_Lenzi
Kuhusu eksposha nakubali, ila programu nayo ina lawama yake. Watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima 2018 programu za kutambua jinsia kwa sura: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakufika hata 1. Kwa hiyo fanya majaribio na mchezaji mwenyewe, usimsimamishe yeyote aliyepo ukumbini.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: kamera isiyo na kichujio cha infraredi (mwanga ulio nje ya wekundu), pamoja na taa za infraredi za nanomita 850. Macho karibu hayazioni, na projekta haitoi mwanga huo kwa wingi, hivyo kamera haitakuwa inaisoma picha yake yenyewe. Melanini, yaani rangi ya ngozi, nayo hainyonyi sana mwanga huo, ngozi zote zinakaribiana. Ondoa taa za halojeni jukwaani, zitaharibu kila kitu. Usichukue kamera ya ulinzi ya mtandao, inachelewa mno.

Lakini kwa wazo lenu, msiizibe kasoro yote. Acheni dakika mbili taa ishuke polepole na mashine impoteze. Hapo ndipo penye nyama ya onyesho.

FundiTaa_Mwanjelwa
Sawa dada, mradi isiwe imempoteza kwa bahati mbaya kabla ya hapo. Watazamaji hawatatofautisha.

Kebo_Ndefu
Ucheleweshaji huwezi kuufikisha sifuri. Kamera ya fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde inakula milisekunde 33 kwa kila fremu, kompyuta inaongeza, projekta inaongeza. Shusha kamera hadi ubora wa 720p ili ipate fremu 60; hapo shata iwe 1/100, maana 1/50 ni ndefu kuliko fremu yenyewe. Zima keystone, yaani kule kunyoosha picha kwa programu. Inua projekta yenyewe hadi picha ikae sawa. Pima hivi: mchezaji apige kofi moja, rekodi kofi na turubai pamoja kwa simu ya fremu 240 kwa sekunde, kisha hesabu fremu kati ya kofi halisi na la kwenye picha. Kila moja ni milisekunde 4 na kidogo. Jumla ikibaki chini ya milisekunde 100, chora mikia inayofuata mwendo, jicho litasamehe.

Sauti ya ligombo usiicheleweshe ili ilingane na picha. Ukumbi mdogo watu wanaisikia moja kwa moja, itasikika mara mbili. Ukitumia maikrofoni ya kubandika, ipitie DI (kisanduku cha kuunganishia ala na mikisa) yenye ukinzani wa kuingilia wa megaohmu 1. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa inatoa sauti nyembamba kama ya bati. Laptopu ikinguruma ikiwa kwenye chaji, weka DI yenye transfoma. Waya wa ethi usikatwe hata siku moja.

Umeme ukikatika laptopu ina betri yake, projekta haina. UPS (betri ya akiba) ya VA 1,000 itaishikilia hadi jenereta iwake. Amplifaya kubwa isichomekwe humo.

Mtwivila_Sauti
Shukrani wakuu. Kofi limetoa fremu 34. Keystone ilikuwa imewashwa; kuizima tu zimebaki 22.