Mrejesho: vikombe vya kumimina havipasuki tena

Wakuu, niliuliza kwa nini vikombe ninavyotengeneza kwa kumimina uji wa udongo kwenye kalibu za jasi (plasta inayofyonza maji) hapa Moshi vinapasuka pale mkono wa kikombe unapoungana nacho, kabla hata ya kuingia tanurini. Mlioniambia nipunguze maji, asanteni sana. Sasa natia silikati ya sodiamu, dawa ya kulegeza uji wa udongo, tone kwa tone: uji mzito unalegea ghafla na kutiririka kama maziwa, bila maji ya ziada. Maji yakiwa machache, udongo unasinyaa kidogo na jasi hailowi haraka. Ila ukizidisha dawa, uji unakuwa mzito tena. Kukausha kalibu msimu huu wa mawingu ndiyo kazi hasa. Tanurini napandisha moto taratibu kuelekea nyuzi 573 za Selsiasi, pale kwatsi (madini yaliyomo kwenye udongo) inapotanuka ghafla. Limebaki suala la glezi, ule utando wa kioo unaopakwa juu ya kikombe.