Naomba ushauri: nilipotea njia msitu wa Pugu

Habari wakuu. Naishi Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na wikiendi napenda kutembea msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Jumamosi mvua ilinikuta ndani, mawingu yakaficha jua, simu ikazima chaji. Nikazunguka kwa muda wa karibu saa mbili, nikijikuta tena pale pale kwenye kisiki chenye siafu. Halafu nikaparamia upupu! Mikono iliwasha nikajipaka matope. Kilichoniokoa ni honi ya treni, nikaifuata taratibu hadi relini.

Mwezi ujao nataka kwenda na mwanangu, na kwa kweli naogopa. Wazoefu wa porini, mnaweka alama gani njiani bila kujeruhi miti, maana ile ni hifadhi? Jua lisipoonekana mnajuaje mashariki? Na upupu mnautoaje?